Kucha ya Kidole Gumba

Nilianza na kisanduku cha mwisho,
kwa kuwa ndicho pekee nilichokuwa na hakika nacho:
shangazi Dorsila sokoni Kibuye, nyuma ya fungu lake la omena,
simu sikioni, gorogoro mkononi,
na kiputo kinachotoka kwenye simu ni kikubwa kuliko yeye.
Ndani yake niliandika neno kwa neno alivyonisimulia:
*Naongea na Anti Dosi Omena? Mwambie mtu wako alipe.*
Mtu gani? Shangazi hadaiwi na yeyote.
Hata chumvi hununua taslimu.

Kutoka hapo nikarudi nyuma, kulia kwenda kushoto,
kama anayefuata nyayo za kuku aliyeibwa.

Nani aliwapa namba?
Shangazi alijibu kabla sijachonga penseli.
"Yule wa getini."
Bawabu wa kliniki ya macho, kule Milimani,
mwenye daftari lililofungwa kwa uzi wa gunia:
jina, kitambulisho, simu, saa ya kuingia, sahihi.
Aliandika yote, na haoni vizuri, ndiyo maana alikwenda.
Wiki iliyofuata akaandika tena
kana kwamba hawajawahi kuonana.

Basi nikamchora. Wafubwa, jina liko kifuani.
Nikampa meno marefu na kofia iliyomeza macho.
Daftari nikalichorea mdomo, na ulimi wa wino
unaolamba vidole vya foleni nzima.
Watoto wa ploti walikigombea kisanduku hicho.
Nikaenda mwenyewe kuhakikisha rangi ya lango.

Wafubwa alinipa kalamu. Iligoma.
Akaisugua kiganjani mpaka ikakubali.
Nikamuuliza, daftari likijaa huenda wapi?
Akainua gunia chini ya kiti:
rundo zima, moja limeliwa na mchwa hadi Machi.
"Hakuna aliyewahi kuyaulizia," alisema,
"hata mwenye jengo. Desemba nayachoma.
Majina ya watu si ya kufungia njugu."

Nilirudi nyumbani nikamfuta.
Raba haimalizi kazi.
Meno yamebaki, ya kijivu, ndani ya karatasi,
na chochote nichoracho juu yake kinatabasamu.

Nikajaribu vishale.
Duka la dawa. Wakala wa pesa pale Kondele,
kitabu chake kimelowa mafuta ya mandazi.
Yule kijana wa mwavuli aliyemsajilia laini
akampiga picha mara mbili, ya kwanza alikuwa amefumba macho.
Vishale vyote vilitoka kwa shangazi vikaenda;
hakuna kilichofika kwa mwenye sauti.

Halafu nikasoma tena kiputo changu mwenyewe.
Anti Dosi Omena.
Jina hilo haliko kwenye kitambulisho.
Haliko getini, wala kwa wakala, wala kwa daktari.
Liko mahali pamoja duniani.

Aprili, usiku, mvua inapiga mabati, wino umeniishia.
Shilingi elfu tatu ndani ya dakika tano, tangazo lilisema.
Ruhusu isome majina? Ruhusu isome ujumbe?
Ruhusu ijue ulipo?
Hodi tatu, na mimi karibu, karibu, karibu,
bila kuchungulia nani yuko mlangoni.
Tarehe ya kulipa ikapita nikiwa nimeinama juu ya karatasi.
Wino wa hadithi hii nzima ni wino ule.

Kisanduku cha kwanza nilikichora mwisho.
Hakina uso. Kidole gumba tu, kikubwa kama mlima,
na kucha iliyopasuka katikati,
kikishuka juu ya neno moja.

Jumapili shangazi alivaa miwani mpya akafungua.
Alijicheka alivyonenepa.
Kisha akarudi ukurasa wa kwanza
akaweka kidole chake kando ya kile.
"Mlango uliobana kucha hii," alisema, "ulikuwa mlango wangu."
Nje mtu alikuwa akipiga pasi ya makaa, nilisikia ikigonga meza.
"Ulikopa ngapi?"